Mke wa Bwana Mita Si Mwalimu

Mtaani watoto walimwita Shangazi Zimwi, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuandika vitabu vya kutisha. Si hadithi za mapenzi zenye kizuka kimoja cha kukolezea mchuzi, hapana. Vya kutisha hasa, vile ambavyo msomaji hufika katikati akakifunga kitabu na kukisukumia chini ya godoro ili kisimtazame. Waliokutana naye mara ya kwanza walitarajia mwanamke wa macho mekundu na kucha ndefu. Wakamkuta mama mfupi, mnene kiasi, mwenye miguu migumu ya mpanda vilima na kicheko cha mtu aliyepaliwa, ambaye kitu pekee alichokiogopa chini ya jua ni viwavi.

Siku zake zilifanana. Kukipambazuka alipanda baiskeli hadi nje ya mji na kurudi, akaoga, akanywa chai, kisha akajifungia chumbani kwake akaandika hadi jua la utosi. Mchana alibishana na mhariri kwenye simu, akafua, akapalilia bustani. Jumamosi ilikuwa ya vilima. Alitoka na rafiki yake wa siku nyingi, daktari wa meno ambaye kila mtu alimwita Dokta tu, kila mmoja na begi lake mgongoni, na safari ikiwa ndefu walibeba hema. Chini ya kilima walichokipenda kulikuwa na kijito, na kando ya kijito udongo laini wa kufinyangia. Hakurudi nyumbani bila mfuko wa udongo huo.

Alikuwa na sababu. Hakuweza kuandika zimwi ambalo hajalishika kwa mikono. Kabla ya ukurasa wa kwanza alilifinyanga, akalikausha, akaliweka mbele yake akalizungusha mpaka ajue linapumuaje. Kitabu kikiisha, zimwi lilihamia sebuleni, kwenye kabati la vioo, likakae na wenzake. Humo mlikuwa na mengine aliyoyaokota kwenye maduka ya vitu vikuukuu au kuletewa na wasomaji: la mpira lenye vichwa vitatu, la mbao lenye misumari badala ya meno, la bati ambalo ukilijaza ufunguo lilitembea likiyumba kama mlevi. Rafu ya chini, peke yake, alikaa Mama Masikio, zimwi la kitabu alichokuwa anajiandaa kukianza. Aliwekwa humo kabla ya zamu yake kwa kuwa udongo wake ulikuwa bado haujakauka vizuri. Masikio yake yalikuwa mapana kama nyungo.

Mumewe alifanya kazi ofisi ya maji, kitengo cha mita, kwa hiyo mtaa ulimbatiza Bwana Mita. Mtu mpole, msafi, kola ya shati lake imenyooka hadi unaogopa itamkata shingo. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja cha mkewe. "Mimi nina roho nyepesi," alisema, na mkewe aliona si neno. Mke wa fundi viatu halazimiki kuvaa kila kiatu.

Basi Jumamosi moja mkewe alishuka kilimani na Dokta wakiwa na uchovu ule mtamu, matope hadi magotini, wakicheka. Dokta akamshusha mlangoni kwa gari lake, akaenda zake. Shangazi Zimwi alipoingia sebuleni alipokewa na harufu ya dawa ya kung'arishia mbao. Mito ya makochi ilikuwa imevalishwa foronya mpya. Na ndani ya kabati la vioo, pale yalipokuwa mazimwi yake, zilisimama sahani za maua na chombo cha waridi la plastiki.

Alisimama pale na begi mgongoni.

"Umerudi mapema," mumewe alisema kutoka mlango wa jikoni, kitambaa cha vumbi mkononi.

"Yako wapi?"

"Yapo salama. Ngoja kwanza uketi, nikueleze."

"Nimekuuliza yako wapi."

Bwana Mita akaeleza akiwa anafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Mdogo wake, ambaye kwa mkewe ni shemeji, alikuwa anaoa. Wazazi wa mchumba walikuwa wanakuja kesho kuonana na familia, na nyumba hii ndiyo pana kuliko zote za ndugu. Baba wa binti ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa heshima zake. Asingefurahi kukaribishwa na vichwa vitatu vya mpira. Kwa hiyo yeye, mdogo wake na mama yao waliona ni busara kuyatoa kwa siku mbili tu, yakae stoo.

"Mliona," mkewe alisema. "Na mimi nilikuwa wapi mlipokuwa mnaona?"

"Ulikuwa mlimani."

"Nina simu."

"Ungekataa."

"Kumbe ulijua!"

Alitoka nyuma ya nyumba, akausukuma mlango wa stoo. Yalikuwa kwenye magunia mawili, yametupwa juu ya ndoo za rangi kama viazi. Alipofungua la kwanza, mkono wa zimwi la mbao ulimwangukia kiganjani. Zimwi la bati lilikuwa limebonyea kifua. Yale ya udongo hata usiulize. Shingo huku, miguu kule. Mama Masikio alikuwa chini kabisa, na uzito wa wenzake wote ulikuwa umemkalia. Hakuvunjika. Alisagika, akawa unga na vipande vya tope visivyojulikana kipi kilikuwa sikio na kipi kisigino.

Alipiga ukelele ambao jirani alisimulia baadaye kwamba alidhani kaona nyoka.

Mama mkwe alikuwa chumba cha wageni akikunja mashuka. Akatoka. "Mwanangu, kuna nini? Si vidude tu hivyo? Vingine si utanunua?"

"Mama, nikichukua cherehani yako nikaitupa shimoni, niseme ni chuma tu, utanielewa?"

Bibi kizee alirudi kwenye mashuka yake. Ujana wake wote alikuwa mshonaji, na mashine yake aliifunika kitambaa kila jioni kama mtoto.

"Nitayaunganisha kwa gundi," Bwana Mita alisema.

"Wewe usiyaguse. Ukiyagusa tena, nitakachokufanya hakijaandikwa katika kitabu changu chochote."

Jioni ile hapakuwa na maongezi nyumbani. Alifikiria kuondoka, awaachie wageni wao na sahani zao. Lakini damu ilikuwa inamchemka, na mtu wa namna yake damu ikichemka hakimbii. Anakaa pale pale aone mwisho.

Wageni walikuja baada ya ibada ya asubuhi. Baba wa binti alikuwa mrefu, ndevu zimechongwa, sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha ukumbi. Mkewe alikuwa mchangamfu. Binti mwenyewe, muuguzi, alikaa pembeni ya mchumba wake, mikono mapajani. Shemeji alikuwa amevaa suti iliyombana kwapani, meno nje tangu mlangoni. Wakanywa chai, wakasifu sebule, wakasifu waridi la plastiki. Mambo yalikwenda kama maji kwenye bomba jipya mpaka baba wa binti alipomgeukia mama mwenye nyumba.

"Na wewe, mama, nimeambiwa ni mwalimu mwenzangu. Nimefurahi sana. Unafundisha shule gani?"

Shangazi Zimwi alidhani amesikia vibaya. Kabla hajafungua kinywa, shemeji aliruka. "Shule ile ya msingi, baba, ya huko nje ya mji. Shemeji anafundisha wadogo wadogo. Ana subira hiyo!"

Alimtazama mumewe. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kama unavyomwangalia mtu aliyeshika mlango, ukingoja akufungulie. Alimpa nafasi. Neno moja tu lilitosha: *mdogo wangu amekosea*. Bwana Mita aliinua birika, akawaongeza chai watu ambao vikombe vyao vilikuwa vimejaa.

"Mimi si mwalimu," Shangazi Zimwi alisema.

Birika lilitua mezani.

"Sijawahi kufundisha hata paka. Ninaandika vitabu vya kutisha. Mazimwi, watu wanaotembea baada ya kuzikwa, nyumba zinazokula wapangaji. Ndiyo kazi yangu, na kabati hilo unaloliona jana lilikuwa limejaa mazimwi. Wameyatoa ili usiyaone."

Shemeji alicheka kicheko cha ulimi mkavu. "Shemeji anapenda utani..."

Shangazi Zimwi aliinuka, akatoka, akarudi na gunia. Akasukuma sahani ya biskuti kando, akalimwaga gunia katikati ya meza. Vichwa, mikono, meno ya misumari na tope vilimiminika kati ya vikombe. La bati lilianguka kifudifudi, na sijui ni kutikiswa au ni nini, likaanza kutembea, likatembea hadi ukingoni, likadondoka mapajani mwa mama wa binti. Mama yule akapiga kelele.

"Huo ndio utani wenyewe," Shangazi Zimwi alisema, akaketi.

Baba wa binti alijikung'uta tope kwenye suruali. "Mashetani mezani pa chakula," alisema polepole.

"Mazimwi. Mashetani wana wenyewe."

Kumbe binti hakuwa akitazama meza. Alikuwa amemgeukia mchumba wake. "Uliniambia ni mwalimu," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Ukanisimulia mpaka darasa lake. Kwa nini?"

"Nilitaka baba afurahi."

"Na lipi lingine umelisema ili watu wafurahi?"

Shemeji alitoa macho kama samaki aliyevuliwa. Wageni waliaga kwa adabu ile ya baridi ambayo ni mbaya kuliko matusi, na binti aliondoka bila kumpa mchumba wake mkono.

Gari lao lilipopotea, Bwana Mita, yule mpole, alimgeukia mkewe. "Umefurahi sasa? Umemvunjia mdogo wangu uchumba kwa ajili ya udongo!"

"Kwa ajili ya udongo?"

"Ungekaa kimya saa moja tu! Saa moja tu, ungepungukiwa nini?"

"Ningekuwa sipo. Hicho ndicho ningepungukiwa. Mngekuwa mmeketi hapa na mtu mwingine, na mimi ndiye ninayewamiminia chai!" Alipiga meza, kichwa kimoja cha mpira kikaruka. "Mdogo wako amesimama katika nyumba yangu akanifuta kama maandishi ya ubaoni, na wewe umeshika birika!"

Ndipo mama mkwe alipoingilia. "Mazimwi yako siyapendi, mwanangu, na sitayapenda," alimwambia. "Lakini uongo siupendi zaidi." Akamwelekeza kidole mwanawe mdogo. "Wewe. Nani alikufundisha kuchonga maneno ya namna hii juu ya mke wa ndugu yako?"

Shemeji, ambaye mpaka hapo alikuwa amekunjamana kwenye kochi, alilipuka. "Kwani mimi ndiye niliyeyachonga? Mwulizeni kaka! Si yeye aliyeanza? Kazini kwake wote wanajua shemeji ni mwalimu! Mimi nilimsikia yeye akisema, nikajua ndivyo tunavyosema!"

Bwana Mita alikuwa akiziangalia ncha za viatu vyake, na kwa kuziangalia huko alijibu.

Mkewe aliokota vipande vyake kimoja kimoja, akavirudisha kwenye gunia.

Asubuhi iliyofuata mumewe alitangulia kazini bila kunywa chai. Yeye alipanda baiskeli kama kawaida, ila hakuelekea nje ya mji. Alielekea ofisi ya maji, amevaa viatu vyake vya mlimani, na ndani ya begi ametia vitabu vyake vyote, kimoja kimoja cha kila aina. Katika miaka ile yote hakuwahi kukanyaga pale. Sherehe za mwisho wa mwaka mumewe alimwambia ni za wafanyakazi peke yao, akaamini.

"Mimi ni mke wa Bwana Mita," alimwambia dada wa mapokezi.

Uso wa dada yule ulichanua. "Mwalimu! Jamani, mwalimu amekuja!" Akaita nyuma ya kioo. "Njooni mumwone mwalimu!"

Wakaja. Mtunza fedha, mama mwenye miwani ya kamba, alimshika mikono yote miwili. "Wale watoto wako wa tetekuwanga wamepona?"

"Tetekuwanga," alirudia.

"Yaani alivyotusimulia, nililia. Darasa zima! Na wewe unakwenda nyumba kwa nyumba kuwapelekea kazi za kuandika."

"Na yule kijana mwenye kigugumizi," fundi wa mabomba akadakia, "aliyesoma shairi mbele ya wazazi! Halafu ile ya kila Jumamosi kuwapandisha watoto mlimani wakajue majani na mawe. Walimu wa siku hizi nani anafanya hivyo? Mimi huwa namwambia Bwana Mita, ndugu yangu, una bahati."

Alisimama pale kaunta akisikiliza. Siku iliyotangulia alidhani mumewe alisema neno moja la uongo la kujisitiri. Kumbe alikuwa ametunga. Mtu ambaye hakuweza kumaliza kurasa kumi za mkewe alikuwa amekaa ofisini miaka nenda miaka rudi akimtunga mke mwingine, mwenye darasa, wanafunzi wenye majina, magonjwa ya watoto na machozi mahali pake. Tena alikuwa na kipaji! Kigugumizi kile kilikuwa kizuri. Yeye mwenyewe angejivunia kukibuni. Na vilima vyake, Jumamosi zake na Dokta, jasho lake mwenyewe, vyote alikuwa ameviiba akampa yule mwanamke.

"Naomba mniitie mume wangu," alisema.

Bwana Mita alitokea na mafaili kwapani. Alipomwona, rangi ilimtoka.

"Waambie."

"Mke wangu, twende nje tukaongee."

"Nje tumeongea miaka yote. Waambie hapa."

"Tafadhali."

"Ulipokuwa unawatungia ulisimama hapa hapa. Hukuwatoa nje."

Mtunza fedha alimwangalia huyu, akamwangalia yule. Bwana Mita akayaweka mafaili juu ya kaunta. Ilimchukua muda. "Si mwalimu," alisema. "Ni mwandishi. Anaandika vitabu vya kutisha. Hakuna shule." Kisha akamwambia mkewe, si wao: "Nilipoanza kazi hapa waliniuliza mke wako anafanya nini. Kulikuwa na mtu mmoja mcheshi, wa kucheka watu. Nikasema mwalimu. Neno moja tu. Kesho yake wakauliza wa shule gani. Siku nyingine wakauliza wanafunzi wanaendeleaje. Sikujua pa kushukia."

"Ulijua. Kila jioni ulishukia kwangu, ukala, ukalala."

Dada wa mapokezi alikuwa ameziba mdomo. Fundi wa mabomba alikuwa anatazama dari. Lakini mtunza fedha alivua miwani yake. "Bwana Mita," alisema taratibu, "tulichanga penseli za rangi. Na madaftari. Ofisi nzima. Mwanangu alitoa za kwake mwenyewe, akachora na ua juu ya boksi. Ziko wapi?"

Bwana Mita alikwenda kwenye meza yake, wote wakimfuata kwa macho, akavuta mtoto wa meza wa chini. Maboksi yalikuwa yamo, yamepangwa vizuri, hayajafunguliwa. Hata kuyagawa mahali pengine alishindwa, maana angeulizwa ameyatoa wapi. Mtunza fedha aliyachukua yote kifuani mwake, akarudi nayo kwenye chumba chake cha kioo, akateremsha pazia.

Shangazi Zimwi alikuwa amekuja akidhani atawagawia vitabu, awaonyeshe jina lake juu ya majalada, aondoke kifua mbele. Hamu ilimwisha. Alivaa begi lake kama lilivyokuwa zito, akatoka.

Mchana huo huo alimpigia Dokta, wakaenda kilimani na hema. Dokta alifunga zahanati yake ya meno bila kuuliza mengi. Alimsaidia kusimika vigingi, akamwachia chakula, akawa anakuja kila siku akimaliza kazi kumwangalia. Msidhani hasira ya Shangazi Zimwi ilipoa kule juu. Alikata kuni ambazo hakuzihitaji. Alipanda na kushuka mpaka kucha za miguu zikageuka nyeusi. Alichota udongo wa kijitoni akajaribu kumfinyanga tena Mama Masikio, lakini vidole vilikataa, vikakunja ngumi, na kila alichokishika kilitoka na alama za ngumi.

"Unataka nini hasa?" Dokta alimwuliza jioni moja, wameketi juu ya mwamba. "Akuombe radhi?"

"Ameshaomba. Ananipigia simu akilia kama bomba lililotoboka."

"Basi nini?"

Alifikiri. "Nataka nimchukie yule mwalimu," alisema. "Na siwezi, Dokta. Ni mtu mwema kuliko mimi. Anapeleka kazi nyumba kwa nyumba. Ndilo linalonichoma."

Kesho yake alimfinyanga mwalimu. Mwanamke mwembamba, mkoba wa vitabu begani, uso mpole, na nyuma ya sketi yake msururu wa watoto wenye vipele. Hakumwekea meno wala pembe. Hata Dokta, ambaye siku nzima anatazama vinywa vilivyooza, alipomwona alirudi hatua nyuma.

Aliporudi nyumbani alikuta kabati limerudishiwa mazimwi yaliyonusurika, na mumewe amehamisha nguo zake chumba cha wageni bila kuambiwa. Akamwacha huko huko. Habari za shemeji zilikuwa zimefika: binti alikubali kuendelea na uchumba, ila kwanza alimketisha chini akamtaka aseme yote aliyowahi kuyasema, moja baada ya jingine, na inasemekana kikao hicho kilichukua siku nzima. Mama mkwe ndiye aliyeleta habari hizo, na alipokuwa anaondoka alisimama mbele ya kabati, akaguna, akaenda zake.

Kitabu cha Mama Masikio kiliwekwa kando. Alianza kingine, akakiandika kwa kasi ambayo hakuwahi kuwa nayo, taya zimebana, mhariri akipiga simu anaambiwa asimsumbue. Ni habari ya mtu mmoja wa ofisi, mpole, msafi, anayewadanganya wenzake kwamba mkewe ni mwalimu. Siku moja mlango wake unabishwa. Akifungua, anamkuta mwalimu kasimama na mkoba wake begani na wanafunzi nyuma, amechoka, anataka kuingia nyumbani kwake mwenyewe.

Sura za kwanza zilipokuwa tayari aliziweka mezani mbele ya Bwana Mita, na hakumpa la kufanya ila kusoma. Safari hii alisoma. Alisoma mpaka chai ikapoa, akifunua karatasi kwa ncha za vidole, na alipofika mwisho wa zilizokuwepo alikuwa amelowa kwapa.

"Halafu?" aliuliza. "Akishaingia ndani, anamfanya nini?"

"Sijaamua," mkewe alisema, akakusanya karatasi zake akarudi kuandika.

Alimsikia akienda kuutazama mlango wa mbele kama umefungwa, ingawa ilikuwa mchana kweupe.